Jina la Prezida wa Mikeke

Mwanangu Kashindi,

Umetoka si muda mrefu kwenda mazoezini, viatu vyako vimefungwa kamba na kuning'inia shingoni, na mimi nimebaki na maneno yako masikioni. Uliyasema umesimama mlangoni, bila hata kunitazama: "Mama, minye naona nibakie tu musimu moja. Moja tu, kisha nitaenda." Ukaondoka unapiga mluzi. Mluzi! Kama mtu aliyekuja kuomba chumvi kwa jirani.

Ningekujibu pale pale, lakini unanijua. Nikifungua mdomo nikiwa na hasira, hata kuku wanahama uani. Na wewe unajua kunichekesha. Utaniita "mama wa taifa", nitacheka, na jambo lenyewe litapotea. Kwa hiyo nimechukua kalamu. Jua bado liko juu ya milima, baba yako yuko uwanjani anapiga mistari, nyumba iko kimya. Nitakupa karatasi hii mkononi ukirudi, na utaisoma kabla hujala.

Habari za chandarua na maji ya kuchemsha nitaziacha. Umeshakuwa mtu mzima, na Kalemie nako kuna akina mama. Nataka kitu kimoja tu: kesho asubuhi boti ya Kalemie inaondoka, na wewe uwe ndani.

Jumapili ni siku ya kuonyesha wachezaji. Unajua desturi ya ligi yetu kuliko mimi: aliyevaa jezi ya ekipe siku ile mbele ya watu ni wa ekipe ile mpaka msimu uishe, awe amelipwa, awe hajalipwa. Hakuna timu nyingine itakayomgusa. Kabla ya Jumapili uko huru. Baada ya Jumapili uko mali ya Mikeke, ekipe yetu ya hapa, na watu wa ekipe ya Kalemie, waliokuona kwenye mechi za mtoano mwaka jana wakakutafuta mpaka hapa Kasenga, watachukua kijana mwingine. Wamekungoja vya kutosha. Na barabara ya Kamanyola wewe mwenyewe unaiona, leo imefunguliwa, kesho imefungwa, na boti nazo hakuna ajuaye zitaendelea mpaka lini. Nyuma yetu milima, mbele yetu maji. Mji huu ukikubana unakubana kweli.

Najua Kalemie si Ulaya. Ni daraja la pili kama hili letu, viwanja vya vumbi kama hivi vyetu. Lakini kule hakuna mtu anayekuita majina wangu, mwenye jina langu.

Wewe umejikuta tu unaitwa Kashindi, kama vile jina lilikuja na mvua. Baba yako anapenda kuisimulia ile habari kama habari ya harusi. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala kwenye kile kitanda cha uzazi, kwa hiyo nisikilize mimi.

Baba yako alikuwa winga wa kulia wa Mikeke. Leo unamwona anavyoburuta mguu na ndoo yake ya majivu ya pumba za mchele, akipiga mistari ya uwanja. Wakati ule walimwita Vitesi, kwa mbio zake, na wasichana wa Kasenga walijua siku za mechi kuliko siku za ibada. Mimi pia. Nilikuwa naenda uwanjani na beseni la ndagala kichwani, najifanya nauza. Siku moja akaja ukingoni mwa uwanja jasho linamtiririka, akaniuliza samaki wale wameanza kunuka lini. Nilimtukana mpaka refa akageuka. Ndivyo tulivyoanza.

Mechi za ugenini walikwenda juu ya lori la prezida wa ekipe, wamekaa kwenye magunia matupu, wakiimba kutoka hapa mpaka Kamanyola. Lori likirudi linapita Bwegera, kwenye mashamba ya prezida, linapakia mpunga, na wachezaji wanapanda juu ya mpunga. Wakishinda, zawadi yao ilikuwa mchele. Wakishindwa ilikuwa mchele pia, ila wenye mawe. Hiyo ndiyo ligi ya kulipwa tuliyokuwa tunaringa nayo.

Sasa huyo prezida, majina wako, mzee Kashindi mwenyewe. Sitakuambia ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningekuwa nimeshamtukana zamani na leo tungekuwa tunaishi kwingine. Ni mtu mwema, na taabu yote iko hapo. Bibi yako alipofariki, jeneza lilifika kabla hatujamaliza kulia. Nyumba ya kupanga ilipobomoka kwa mafuriko, alitupa vyumba hivi viwili vya uani kwake, na mpaka leo tuko humu. Kila mlango tuliobisha tulimkuta prezida ameshafika, ameketi, anatabasamu.

Nilipokuwa na mimba yako, watu wa Bukavu walimwona baba yako akicheza Kamanyola. Ekipe ya daraja la juu, mwanangu, yenye daktari wake na basi lake. Baba yako alirudi na furaha ya ajabu, akaniambia tutahama mtoto akishazaliwa. Mimi nilianza kufunga vyombo kwenye beseni. Nilifunga hata mwiko, tukawa tunakoroga ugali na kipande cha ubao.

Ukazaliwa. Kesho yake prezida akaingia materniti. Alikuja na kitenge, sabuni, sukari, na kikapu cha mchele mpya, na wauguzi wote wakasimama kama ameingia gavana. Akakubeba. Ulikuwa unalia, ukanyamaza. Akacheka, akasema: "Mama, huyu ni majina wangu. Ataitwa Kashindi."

Wewe ulikulia humo, labda huoni uzito wake. Hapa kwetu mtu akimpa mtoto jina lake, mtoto yule ni yeye. Mwenye jina hamtupi mtoto, na mtoto naye hamtupi. Wazazi wa mtoto wanakuwa watu wake, hawamgeuki, hawamkimbii. Na anayekubali ni mama. Mama akipokea kitenge, jina limekaa. Akikirudisha, amemwaibisha mtu mbele ya wodi nzima. Baba yako alikuwa amesimama kando, ananitazama mimi. Alikuwa ananiachia.

Nilikipokea. Nilikuwa nimechoka, Kashindi, mgongo unaniuma, wanawake wote wa vitanda vya jirani wananiangalia. Na kitenge kilikuwa kizuri, nisikudanganye. Nikasema, "Aksanti, prezida." Maneno mawili tu, na nilijua nilipokuwa nayasema kwamba ile safari imekufa. Nilijua! Usije ukasikia mtu anakuambia mama yako hakuelewa.

Watu wa Bukavu walirudi kumchukua Vitesi wao. Watu wa mtaa husema prezida alikataza. Uongo. Hakukataza neno hata moja. Alimwekea baba yako mkono begani, akacheka na wageni, akasema, "Baba ya majina wangu anaweza kunikimbia kweli?" Basi. Baba yako akaangalia chini. Akawaambia wale watu, "Nitabakia musimu moja, kisha nitakuja."

Umesikia? Musimu moja. Leo uliposimama pale mlangoni nilidhani ni yeye amerudi kijana, na kama mwiko ungekuwa karibu ungekupata kichwani.

Msimu ule ukavuta mwingine. Halafu Luvungi, kwenye kile kiwanja cha mawe, goti likaenda upande wake na mguu upande wake. Prezida alilia hospitalini. Machozi ya kweli, niliyaona. Alishughulika na kila kitu, kisha akamtafutia baba yako kazi ya kupiga mistari na kutunza mipira, na mimi nikapewa kufua jezi. Ndiyo maana kila Jumatatu nilikuwa mtoni Kalimabenge na jezi za watu wazima, na wewe mgongoni. Tulisema aksanti. Tulisema aksanti mpaka neno lenyewe likaota kutu mdomoni.

Na wewe walikuita Prezida Mdogo. Ulikuwa hujaota meno yote, watu wazima wanakusalimia kwa heshima, "Jambo, prezida," na wewe unacheka. Ilikuwa inafurahisha, nakiri. Mpaka siku ile ulipokwenda kucheza na watoto wa Mulongwe, mtaa wa wapinzani wetu, mpira wa makaratasi tu, wakakufukuza. Wakasema, "Weye uko wa Mikeke, toka." Mtoto mdogo, hata kamasi hujui kufuta. Ulirudi unalia, ukaniuliza, "Mama, minye niko wa nani?"

Nikakuambia uoshe miguu.

Hilo swali limenikaa. Nimefua nalo, nimeuza ndagala nalo, nimelala nalo. Ningeweza kukujibu siku ile, nikakuambia wewe ni wa kwako mwenyewe na hawa ni watu tu wanaocheza mpira. Sikujibu kwa sababu sikuwa na hakika. Nilikuwa nimekutoa, na mtu hawezi kutoa kitu kisha akakigawa mara ya pili. Ndivyo nilivyokuwa nafikiri.

Mama yangu alinifundisha kwamba jirani akikuletea samaki kwenye bakuli, bakuli lake hulirudishi tupu. Unaliosha, unaweka ndani kitu kidogo, mihogo, ndizi, chochote, unarudisha. Ni adabu nzuri na mimi naifuata mpaka leo. Lakini mtu akikuletea mchele humrudishii mtoto ndani ya bakuli. Mimi nilirudisha mtoto. Imenichukua miaka yako yote kuliona hilo, na wewe unajua mimi si mtu mjinga, sokoni hakuna anayenipunja.

Leo mchana amekuja. Ulikuwa bado umelala. Amezeeka, umeona? Anatembea kwa fimbo sasa, na alibisha hodi kama mgeni, nyumba ni yake. Akaketi pale kwenye kiti cha baba yako na kufungua mfuko. Jezi namba kumi, mpya, na kitambaa cha kapiteni. Akaniambia, "Mama majina, Jumapili mtoto wetu iko kapiteni. Minye sina nguvu tena, nikimwona amevaa hii, hata nikifa ni sawa." Akainyoosha jezi juu ya magoti yake kwa kiganja. Ningefanya nini? Huu mdomo wangu unaojulikana soko zima ukafunguka, na kilichotoka ni "Aksanti, prezida."

Nilijichukia. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakwangua sufuria iliyokuwa safi.

Kisha ukaamka, ukaiona jezi pale kitini alipoiacha. Nilikuona ulivyoigusa. Uliipitisha kidole kwenye namba polepole, hukujua niko nyuma ya pazia. Nusu saa baadaye ndiyo ukaniletea habari za msimu mmoja. Sikulaumu. Mtu akikutukana ni rahisi kuondoka, unabeba hasira yako na safari inakuwa fupi. Akikupenda hivi, na fimbo mkononi, utaondokaje? Hata mimi simchukii, Mungu anajua. Nimemfulia jezi zake, nimemlilia mke wake alipokufa. Na bado nakuambia uende.

Nilimwuliza baba yako ulipokwisha kutoka, kabla hajaenda uwanjani. Alikuwa anajaza mpira upepo, goti limenyooka mbele yake kama gogo. Nikamwambia, "Baba Kashindi, niambie ukweli. Nani alikufunga hapa?"

Akaendelea kupiga pampu.

"Hakuna muntu alinifunga," akasema. "Nilisikia haya tu."

"Haya ya nini?"

"Ya kuonekana muntu asiye na shukrani. Niliona afazali niumie kuliko waseme vile." Akaubonyeza mpira kuona kama umejaa. "Na hawakusema. Njo faida niliyopata."

Kashindi, mimi nimeishi na huyu mwanaume, tumegombana kwa kila kitu, kwa chumvi, kwa ndugu zake, kwa redio. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilikaa chini kwenye saruji. Nikamwambia mtoto naye ameanza, naye anasema msimu mmoja, zungumza naye jioni hii, wewe ni baba. Akatikisa kichwa. "Minye sitaweza. Nikimwangalia usoni nitamwambia abakie. Namutaka hapa. Nataka nimwone anacheza kila wiki mu uwanja yangu. Mwandikie weye."

Kwa hiyo barua hii ni ya wawili, ingawa makosa ya herufi ni yangu.

Sasa nakujua utakavyofanya. Utaanza kuhesabu tutakayopoteza. Utasema, mama, mtakaa wapi, baba atafanya nini. Labda prezida atatutoa uani. Labda hatatutoa, atatuangalia tu kila asubuhi tukitoka kwenda chooni, na hiyo ni mbaya zaidi. Labda ile ndoo ya majivu atapewa mtu mwingine. Mimi nimeyaona hayo yote, nimeyageuza kila upande kama samaki kwenye mafuta. Ni yetu. Tuliyapika sisi kabla hujajua kutembea, na tutayala sisi. Usiyachukue kuwa kisingizio chako, maana kisingizio kizuri hicho ndicho baba yako alichokuwa nacho, mimi na wewe mchanga, na angalia kilichomfikisha.

Huko uendako kutakuwa na prezida mwingine. Kila ekipe ndogo ina wake, mtu mwenye lori na moyo mkubwa. Mheshimu. Ukila kwake, sema aksanti kwa sauti. Lakini akianza kuja nyumbani kwako wakati wewe hupo, na kila tatizo lako likawa limeshatatuliwa kabla hujalitaja, shtuka. Na ukioa, na mke wako akajifungua, ingia wodini wa kwanza wewe, umpe mtoto jina kabla wageni hawajafika. Mwite hata Alhamisi. Mimi sitacheka. Kidogo tu.

Kuhusu mpira wenyewe sina la kukufundisha. Mimi nimejua tu jezi zinavyorudi. Ya kwako ilikuwa inarudi chafu mbele na nyuma, na hiyo ilinifurahisha. Wapo ambao zao zilirudi safi na bado walikuwa wanadai mchele.

Utanikosa. Nitakukosa zaidi. Nimesema hivyo wazi kwa sababu kesho sitapata nafasi, na sitaki uondoke ukidhani nilikuwa nakufukuza. Kuanzia sasa nikisikia mlango, moyo utaruka kabla akili haijakumbuka. Nitapika kingi. Nitakasirikia watu wasio na kosa. Ndivyo itakavyokuwa na siombi uje kunitibu.

Baba yako alitaka kukusindikiza bandarini. Nimemkataza, naye amekubali haraka mno, maskini. Ukimwona amesimama pale na mguu wake, utashuka, na atakupokea mzigo, na mtarudi wawili mnacheka. Atakuaga hapa ndani.

Na mimi sitakuja. Utabeba mzigo wako mwenyewe, utapanda pikipiki mbele ya kanisa, utakwenda. Saa ile utakayokuwa unaingia kwenye boti, mimi nitakuwa nimevuka uani, nimebisha kwa prezida, na nitakuwa nimeshamwambia. Sitamtuma mtu. Nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba Kashindi amekwenda, kwamba hatavaa Jumapili, na kwamba ni mimi niliyekutuma. Atalia, nafikiri. Nitakaa naye alie, kisha nitarudi nyumbani kungoja atakaloamua.

Kwa hiyo usije ukashuka ukidhani unatuokoa. Ukirudi utakuta nimeshasema.

Mama yako